Maswali ya Wasomaji: Vikwazo dhidi ya Wakiukaji wa Haki

SWALI: Assalaam aleikum. Mtoto wa dada yangu alichukuliwa usiku na watu wenye silaha hapa Lamu, na tangu hapo hatujamwona wala kusikia kwamba amefikishwa mahakamani. Tulipiga ripoti, tukapewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), basi. Afisa anayetajwa kuwa ndiye aliyeongoza kazi ile inasemekana ana nyumba London na wanawe wanasoma huko. Vijana wananiambia Uingereza na Marekani zina sheria ya kumfungia mtu kama huyo mali zake. Je, ni kweli, na mtu wa Langoni kama mimi anaanzia wapi?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mama, na pole kwa kungoja kusikokuwa na habari.

Sheria hizo zipo. Chimbuko lake ni kifo cha Sergei Magnitsky, mshauri wa kodi wa Urusi aliyefichua wizi wa dola milioni 230 za kodi uliowahusisha maafisa wa serikali, akakamatwa yeye, na akafia rumande mjini Moscow tarehe 16 Novemba 2009 akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka 2012 Marekani ilitunga sheria yenye jina lake iliyowalenga Warusi, na mwaka 2016 ikatunga nyingine inayomgusa mkiukaji wa haki au mla rushwa wa nchi yoyote. Kanada ilifuata mwaka 2017, Uingereza na Umoja wa Ulaya mwaka 2020, Australia mwaka 2021.

Aliyewekwa kwenye orodha hizo kwa kawaida hunyimwa viza, na mali yake iliyo katika nchi husika, au iliyo mikononi mwa raia, kampuni na benki za nchi hiyo, huzuiliwa. Tuelewane vizuri hapa: kuzuiliwa si kutaifishwa. Nyumba ya London itabaki yake kwa hati, ila hataweza kuiuza wala kuipangisha bila kibali cha serikali, na wewe hutapata hata senti moja kutokana nayo. Wala hakuna jela. Kinachowauma zaidi wakubwa hawa ni dola, kwa sababu malipo mengi ya dola hupitia benki za New York, na hata benki ya Nairobi isiyobanwa na sheria ya Marekani huona heri impoteze mteja mmoja kuliko kukosana na benki za huko.

Mfano wa karibu ni wa Jenerali Kale Kayihura, aliyekuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda. Marekani ilimwekea vikwazo Septemba 2019 kwa madai ya mateso yaliyofanywa na vikosi vilivyokuwa chini yake, na Uingereza ikafanya vivyo hivyo Desemba 2022. Wakati wote huo alikuwa ameshaondolewa madarakani, tangu Machi 2018. Kwa upande mwingine, Januari 2020 Marekani ilimpiga marufuku Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, kuingia nchini humo, kwa kutumia kifungu kingine cha sheria kinachohusu viza tu. Mwaka 2024 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha. Viza peke yake haimtikisi mtu ambaye maisha yake yote yako nyumbani. Wa kwenu, kama kweli ana nyumba na wana ng'ambo, ana cha kupoteza.

Serikali hizo hazidai hukumu ya mahakama. Uingereza hutosheka na sababu za msingi za kumshuku mtu. Hata hivyo, maneno ya barazani hayatoshi, na "anatajwa" si ushahidi. Anza na ile namba ya OB: iandike pamoja na tarehe, saa na jina la kituo, kisha uipige picha karatasi yenyewe kabla unyevu wa pwani haujaufuta wino. Aliyeshuhudia aape mbele ya kamishna wa viapo na aseme aliyoyaona kwa macho yake tu: kama walikuja kwa boti, ilikuwa ya rangi gani, ilifunga gati gani, walishuka wangapi, nani aliitwa kwa cheo na cheo hicho kilikuwa kipi. Jambo hili la cheo lina uzito, kwa kuwa vikwazo humfikia pia mkuu aliyetoa amri au aliyejua akanyamaza. Weka nakala za barua zote mlizoandika, na kama hamkujibiwa, andika hivyo hivyo kwamba hamkujibiwa.

Faili hilo, kabla ya kusafiri, lina kazi hapa hapa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama, na Kifungu cha 25 kinakataza mateso bila kuacha mwanya wowote. Wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru serikali imlete kijana wenu au ieleze aliko, na malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Mahakama zetu zina uwezo ambao orodha za vikwazo hazina, yaani kuamuru fidia: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari mpya, ingawa malipo yenyewe yalichelewa.

Baada ya hapo, nakala ipelekwe kwa shirika la haki za binadamu lenye uzoefu wa kazi hii, kwani sheria ya Marekani inamtaka Rais azingatie taarifa za kuaminika za mashirika hayo. Na iwe siri. Afisa akisikia jina lake linazungumzwa, nyumba ya London itahamia kwa shemeji yake mapema, na ukilitaja jina hilo mitandaoni huenda ukashtakiwa wewe kwa kumchafulia jina.

SWALI: Ninafanya kazi kwa wakala wa nyumba. Mnunuzi kutoka Ulaya anataka nyumba ya ufuoni, na jina lake linafanana na jina lililo kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Ulaya. Je, tunavunja sheria tukimuuzia?
Karani, Malindi

JIBU: Orodha ya Ulaya inawabana watu na kampuni za Ulaya, haiwabani ninyi moja kwa moja; zinazoibana Kenya ni orodha za Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Lakini euro zake zitatoka benki ya huko, nayo haitazituma. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha inawataka mawakala wa nyumba wamtambue mteja na kuripoti muamala unaotia shaka.

Kufanana kwa jina tu kusikutie hofu. Linganisha tarehe ya kuzaliwa, mahali alipozaliwa na namba ya pasipoti, mambo ambayo orodha nyingi huyaonyesha. Sisi wa pwani, ambao Mohamed Ali na Omar Mohamed wamejaa kila mtaa, tunajua adha ya pesa kukwama njiani kwa sababu ya jina la mtu mwingine.

SWALI: Kwa nini Marekani ndiyo iamue nani ni mkosaji? Kenya haiwezi kuwa na sheria yake?
Mwalimu wa sekondari, Malindi

JIBU: Shaka yako ina msingi. Dan Gertler, mfanyabiashara wa Israeli aliyewekewa vikwazo mwaka 2017, kwa sheria ile ya Marekani ya 2016, kuhusu madini ya Kongo, alilegezewa Januari 2021 siku chache kabla ya serikali moja ya Marekani kuondoka, na iliyofuata ikakaza tena Machi. Mwaka 2025 sheria hiyo hiyo ilitumiwa dhidi ya Alexandre de Moraes, jaji wa Mahakama ya Juu ya Brazil, kisha akaondolewa kabla mwaka haujaisha. Chombo cha waziri hufuata upepo wa waziri.

Kenya haina sheria ya namna hii. Waziri anaweza kumtangaza mgeni kuwa hatakiwi nchini, na mali inayotokana na uhalifu inaweza kuzuiliwa kwa amri ya mahakama, lakini mtesaji kutoka nchi jirani anayenunua nyumba Malindi kwa pesa zake halali hazuiliwi na lolote kati ya hayo. Ningependa tuwe na sheria inayompa jaji, si waziri peke yake, kauli ya mwisho ndani ya muda uliowekwa. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge sheria, na ombi kama hilo linaweza kuandikwa hata na darasa lako.