Fezi moja ikikatika: rilei za kawaida zinavyolinda mota, na pale zinapodanganywa

Mota ya fezi tatu ikiungua, angalia koili kabla fundi hajazikata. Mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) kwa kawaida ina mafungu 12 ya koili. Ukikuta mafungu manne yamekuwa meusi, yamepangana kwa nafasi sawa kuzunguka statori (sehemu ya mota isiyozunguka), na manane yaliyobaki bado yana rangi yake ya vanishi, mota hiyo ilikuwa imefungwa delta (waindingi zake tatu, yaani seti ya koili za kila fezi, zimeunganishwa ncha kwa ncha kama pembetatu) na ilitembea kwa fezi mbili. Ukikuta kinyume, manane meusi na manne safi, ilikuwa imefungwa stari (ncha moja ya kila waindingi imekutana na nyingine mahali pamoja). Mota iliyozidiwa mzigo haiungui hivyo. Yenyewe huungua kote. Kwa hiyo ukiona mpangilio huo, usikubali kuambiwa kwamba waya wa waindingi ulikuwa mbovu. Kuna mahali fezi ilikatika, na ukiirudisha mota kabla hujapapata, itaungua tena vilevile.

Fezi hupotea kwa njia nyingi: fyuzi moja imekatika, skrubu ya teminali imelegea na kuchomeka, ncha moja ya kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) imeliwa, au waya umekatika kwenye laini. Chanzo kingine tunakitengeneza wenyewe, nacho ni kulisha mota kwa sakiti breka tatu za poli moja moja, yaani kila moja inakata waya mmoja tu. Ikitripu moja, mbili zinaendelea kusukuma umeme. Mota ya fezi tatu ilishwe na breka ya poli tatu inayokata zote kwa pamoja. Hili lirekebishe kwanza, kabla hujanunua rilei yoyote (swichi ndogo inayovutwa na koili yake ikipata umeme).

Kwa nini ovaloadi, kifaa kinachokata mota ikivuta mkondo kupita kiwango, isitegemewe peke yake? Chukua mota ya kilowati 7.5 kwenye mfumo wa volti 400, kibati chake (bamba la maelezo) kinasema ampea 15, imefungwa delta. Kazini inavuta ampea 9 tu, maana mzigo si mkubwa. Fezi moja ikikatika inapozunguka, haisimami. Inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili, na mkondo kwenye nyaya hizo mbili unapanda takriban mara 1.73: ampea 9 zinakuwa karibu 15.6. Ovaloadi iliyowekwa kwenye 15 inaona asilimia 4 tu juu ya kiwango chake, na kwa ziada ndogo kama hiyo ovaloadi ya kawaida inaweza isikate kabisa.

Sasa ingia ndani ya delta. Kwa mzigo kamili kila waindingi ilikusudiwa kubeba 15 ÷ 1.73, yaani ampea 8.7. Katika hali hii, waindingi moja iliyoko moja kwa moja kati ya nyaya mbili zilizo hai inabeba theluthi mbili za mkondo wa laini, karibu ampea 10.4. Hiyo ni asilimia 120 ya kiasi chake, na kwa kuwa joto la shaba hupanda kwa mraba wa mkondo, joto lake ni karibu mara 1.44 ya lile la mzigo kamili. Waindingi mbili nyingine ziko salama. Juu ya hapo rota, sehemu inayozunguka, nayo inachemka, kwa sababu umeme usio na uwiano huzalisha uga wa sumaku unaozunguka kinyume. Kanuni ya zamani ya mafundi wa waindingi ni kwamba kila nyuzijoto 10 za ziada hupunguza umri wa kihami kwa nusu. Mota inaweza kuvumilia wiki kadhaa za vipindi vifupi vya namna hii, kisha ikafa siku ambayo umeme hauna kasoro yoyote.

Mota iliyosimama ina hatari kubwa zaidi. Ikiwashwa kwa fezi mbili haianzi kuzunguka, inavuma tu, huku ikivuta mkondo wa mara nyingi ya kawaida. Hapo dakika chache zinatosha kuimaliza.

Hapa ndipo rilei za kawaida zinafanya kazi nzuri sana. Unahitaji rilei mbili za plagi zenye koili ya volti 230 AC, za miguu minane, pamoja na besi zake. Mbili zinatosha kwa sababu koili ya kontakta yenyewe ndiyo inayolinda fezi ya tatu. Kwenye rilei ya miguu minane ya duara, koili iko mguu wa 2 na wa 7, na mguu wa 1 hukutana na wa 3 rilei inaposhika. Hakikisha kwa mchoro ulio ubavuni mwa rilei, kwa kuwa za miguu bapa zina mpangilio wake.

Saketi ya udhibiti inakwenda hivi, nyaya za fezi tatu zikiwa ni L1, L2 na L3. Kutoka L1 pitia fyuzi ya ampea 2, ingia kwenye batani ya kuzima, kisha batani ya kuwasha ikiwa sambamba na ncha 13 na 14 za kontakta zinazoshikilia. Kutoka hapo pita mguu wa 1 na 3 wa rilei ya kwanza, kisha 1 na 3 wa rilei ya pili, kisha ncha 95 na 96 za ovaloadi, zinazofunguka inapokata, ndipo ufike A1, ncha ya kwanza ya koili ya kontakta. A2, ncha yake ya pili, inakwenda nyutro. Koili ya rilei ya kwanza iko kati ya L2 na nyutro, ya rilei ya pili kati ya L3 na nyutro. Waya wa milimita mraba 1 hadi 1.5 unatosha kwa zote. Usitumie waya wa ethi kama nyutro, hata kama kontakta inashika. Ethi ikikatika, gamba lote la chuma la mota litapata umeme kupitia koili hizo.

Mahali pa kuchukua L1, L2 na L3 za udhibiti ndipo wengi wanapokosea. Zichukue baada ya fyuzi kuu na kabla ya kontakta. Ukizichukua juu ya fyuzi, fyuzi ikiungua rilei zitaendelea kuona fezi zote tatu na kukuambia kila kitu ni shwari. Ukizichukua chini ya kontakta, rilei hazitashika kamwe, maana zinasubiri umeme ambao kontakta haijaupitisha.

Kwa mpangilio huu, mota iliyosimama haiwashiki fezi ikiwa haipo. Lakini kuna jambo ambalo michoro mingi ya rilei mbili au tatu hailisemi, nalo ndilo linalounguza mota za watu walioamini kwamba wamejilinda.

Mota inayozunguka ni jenereta pia. Fezi ya L3 ikikatika, rota inayozunguka inazalisha umeme kwenye waindingi iliyokosa fezi, na umeme huo unapanda kurudi kupitia kontakta iliyofungwa hadi kwenye koili ya rilei yako. Mzigo ukiwa mdogo, volti hiyo inakaribia kabisa volti ya kawaida. Chukua testa uguse nyaya tatu: zote zinawaka. Chukua multimita: unaweza kusoma zaidi ya volti 200 kati ya L3 na nyutro, kwenye waya ambao fyuzi yake iko mkononi mwako. Rilei haina njia ya kujua kwamba volti hizo zimetoka kwa mota.

Hata mota ikielemewa mpaka isimame, bado rilei inaweza isiachie. Mota ya stari iliyosimama hupeleka kwenye waya uliokatika volti ya katikati ya fezi mbili zilizo hai, yaani karibu nusu, takriban volti 115. Rilei ndogo za AC zinahitaji kama asilimia 80 ya volti yake ili kushika, lakini zikishashika zinaweza kushikilia mpaka volti ishuke karibu na asilimia 30, ambayo kwa koili ya 230 ni volti 70 hivi. Volti 115 inatosha kabisa kuishikilia.

Hali nyingine inayofanana ni fyuzi moja kukatika upande wa msongo mkubwa wa transfoma ya delta kwa stari. Upande wako fezi moja inabaki na volti 230, mbili zinashuka hadi karibu 115. Taa za fezi mbili zinafifia na kontakta inaweza kulia kwa kutetemeka. Rilei inajua kushika na kuachia tu. Ikishashika, kati ya volti 230 na 115 haitofautishi.

Kwa hiyo zihesabu rilei hizi kuwa mlinzi wa kuwasha. Kwa mota inayozunguka, weka chini ya kontakta ovaloadi yenye utambuzi wa kupotea kwa fezi. Ndani yake kuna vipande vitatu vya bimetali (metali mbili zilizobanana, zinazopinda zikipata joto) na wenzo unaopima tofauti baina yao. Kimoja kikipoa huku viwili vikipinda, inakata mapema kuliko kama vyote vitatu vingepinda sawa. Aina nyingi za kisasa zinazo, ila thibitisha kwenye maelezo yake. Ovaloadi hii pia ndiyo pekee katika mpangilio huu inayoweza kugundua ncha ya kontakta iliyoliwa, kwa sababu rilei zako ziko juu ya kontakta na hazioni kinachotokea chini yake.

Iweke kwenye ampea za kibati, wala usiongeze kidogo ili isisumbue. Kama mota inavuta ampea 9 daima na kibati ni 15, unaweza kuishusha hadi 11 hivi, mradi inastahimili kuanza bila kukata. Hesabu ya ampea 15.6 tuliyofanya juu inakuwa asilimia 142 ya kiwango, na sasa ina nafasi nzuri ya kukata kabla shaba haijachemka. Kwa stata ya stari-delta (inayoanzisha mota ikiwa stari kisha kuigeuza delta) ambayo ovaloadi imekaa kwenye nyaya zinazoingia waindingi, kiwango ni 0.58 ya ampea za kibati. Ukiiweka kwenye ampea kamili za kibati umeondoa karibu ulinzi wote.

Usiishie kwenye kufunga, jaribu. Mota ikiwa imesimama, zima umeme mkuu, toa fyuzi moja, washa umeme, bonyeza batani ya kuwasha. Kontakta isishike. Rudia kwa fyuzi ya pili na ya tatu. Ikishika kwa fyuzi yoyote, kuna koili iliyofungwa kwenye fezi isiyo yake, au kuna mashine nyingine kwenye laini hiyo inayorudisha umeme. Jaribio la mota ikizunguka lifanywe na fundi mwenye uzoefu. Usichomoe fyuzi ikiwa na mzigo, kwa sababu cheche lake linaweza kuunguza mikono na macho. Tumia swichi ya poli moja iliyowekwa kwa muda kwenye fezi moja, ikiwa na ampea za kutosha. Ikate, hesabu sekunde, soma volti kwenye waya uliokatika, na ukifika sekunde kumi bonyeza batani ya kuzima hata kama hakuna kilichokata. Volti utakayosoma itakuambia rilei zako zinadanganywa kwa kiasi gani na mota hiyo, kwa mzigo huo.

Kama mota inawashwa na boya au swichi ya presha badala ya batani, hakuna cha kuizuia isijirudie umeme unapokatika na kurudi. Ongeza taima inayochelewesha kuwasha: sekunde 30 kwa pampu ili maji yaliyo kwenye bomba yatulie, dakika tatu hadi tano kwa kompresa ya ubaridi ili presha zisawazike.

Kwa pampu ya kisimani, au mota yoyote ambayo kuiwaindi ni ghali kuliko kifaa, ruka rilei za koili na uweke rilei ya kielektroniki ya kuchunguza fezi. Ina ukubwa wa breka ndogo, inakaa kwenye reli ya milimita 35, na ncha zake za 11 na 14 zinachukua nafasi ya zile rilei mbili kwenye saketi ileile. Inapima tofauti baina ya fezi, na inakataa kuwasha kama mpangilio wa fezi umegeuka, jambo ambalo rilei za koili haziwezi kulijua kabisa. Kwa mota zenye mzigo mdogo chagua inayopima pembe kati ya fezi na si volti peke yake, kwa sababu volti inayorudishwa na mota inaweza kupita kipimo cha volti.

Kabla ya kuweka kiwango cha tofauti, pima volti kati ya fezi mota ikiwa kazini. Tuseme umepata 400, 392 na 378. Wastani ni 390, iliyo mbali zaidi na wastani imepungua 12, na 12 kwa 390 ni asilimia 3.1. Kwa makadirio yanayotumika sana, mraba wa asilimia hiyo mara mbili ndio ongezeko la joto: hapa karibu asilimia 19. Ikizidi asilimia 5, mota haifai kuendeshwa. Lengo ni kufika kiwango cha 5, lakini kwa majaribio anza na asilimia 8, chelewesho la sekunde mbili au tatu, uangalie kwa siku chache. Isipokata ovyo, shusha mpaka 5. Ikikata ovyo kwenye 8, usiipandishe. Kaza teminali zote kuanzia breka kuu, kisha pima tena volti zile tatu.