Barua kwa mwanangu: bibi ana chale, kwanini mimi nisichore tatoo?

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliiona toka juzi nikaiacha kwanza, nilitaka nikujibu nikiwa nimetulia mana wewe ukiuliza unauliza kama wakili, na kwenye simu najijua ningekukatiza katikati nikaanza kufoka. Uliandika hivi, "Mama kwanini ukiona mtu ana tatoo unasema ameshaharibika, wakati bibi uso mzima ulikua chale tupu na unamsifia kila siku? Na nikichora jina lake mkononi utanikataa?"

Naanza na la pili. Sikukatai. Nimekubeba, nimekusomesha kwa korosho, mwaka bei nzuri mwaka bei mbovu, alafu nikukatae kwa sababu ya wino? Hilo limeisha. La kwanza ndo refu, kwahiyo kaa vizuri.

Wewe bibi ulimkuta ameshazeeka, chale zimelegea pamoja na ngozi yake. Mimi nilizijua zikiwa zimesimama. Kati ya nyusi palikua na mistari, na kwenye mashavu mistari ya kukunja kona, mmoja juu ya mwingine mpaka karibu na sikio, nilipokua mdogo nikilala nae nilikua napitisha kidole mstari mmoja mmoja mpaka usingizi unanichukua. Na mdomo wa juu ulikua na tundu la ndona, kile kipambo wanachochomeka mdomoni wanawake wa Kimakonde. Ile ndona yenyewe ya mpingo alishaitoa mimi sijaanza shule ila tundu lilibaki, akinywa uji analiziba kwa kidole usimvujie. Wageni wakimuona wanageuza uso pembeni. Sisi wala hatukuona kitu, ndo mama yetu anavyokunywa uji.

Sasa sikia zilivyowekwa, mana naona sikuizi mnaposti zile picha za zamani mnaandika urembo wetu wa asili na makopakopa mengi. Alikua msichana mdogo hajavunja ungo, huko kwao kwa Wamakonde wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Mueda. Anaitwa fundi na kisu chake kidogo cha chuma, wanawake wanamshika kichwa na mikono, anachanjwa, damu inafutwa, kidonda kinapakwa masizi ya mbegu za mbarika alafu anakaa nacho juani kikauke. Kikipona wanaangalia, kama mstari haujainuka vizuri wanarudia palepale juu ya kovu. Na ukilia ni aibu ya ukoo mzima, kesho kisimani wenzio wanakuimba. Nani alimuuliza anataka mchoro gani na auweke wapi? Hakuna.

Ndo mana nakwambia usimlete bibi kua shahidi wako. Bibi hakuchagua. Huko kwao msichana mwenye uso mtupu ndo alikua kituko, yeye ndo angesemwa, yeye ndo angekosa mume. Ukitaka kumpata mtu wa kufanana na wewe kwenye kile kijiji mtafute binti ambae angekataa kuchanjwa. Yule ndo mwenzio. Na usidhani wangemwacha salama.

Alafu wakavuka mto, yeye na babu, kabla vita ya Msumbiji haijaanza 1964, wakaja Lindi kukata mkonge. Hapo zile chale zilizomfanya awe mtu kwao zikamfanya awe kioja. Watu wa pwani wakawaita Wamakonde wa Msumbiji Wamawia na usifikiri lile jina lilikua la heshima, watoto wanakimbia wakimuona sokoni, mama zao wanawatishia nyamaza nitakupa kwa Mmawia. Uso uleule. Kilichobadilika ni watu wanaoutazama basi. Watoto wake wote wa kike hakuna hata mmoja aliechanjwa, nilipokua mkubwa nikamuuliza kwanini sisi ulituacha, akasema huku nani anazijua, niwaumize bure? Akaendelea kumenya mihogo yake.

Na kichekesho chenyewe ni hiki, nenda pale Mwenge kwenye vinyago. Utakuta vichwa vya mpingo na zile barakoa za mapiko, ngoma ya Wamakonde, uso umejaa chale na mdomo una ndona, mzungu ananunua anaenda kuweka sebuleni kwake na hakuna anaesema kinyago kile cha kihuni. Mbao inaruhusiwa, mtu haruhusiwi.

Kwahiyo ukiniuliza kwanini rika letu tuko hivi, mimi naona ni jambo la zamani sana limebadili nguo tu, watu wanataka ufanane nao. Hata sisi tulishasemwa. Bibi yako mzaa baba alikua Dar wakati ule wa Operesheni Vijana, vijana wa TANU walipitisha 1968 kwamba kuanzia Januari 1969 vimini marufuku, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku, mpaka krimu za kujichubua, na kabla hata tarehe haijafika Kariakoo ilishachafuka, wadada wanashushwa kwenye basi kisa gauni fupi. Miaka hiyohiyo Wamasai nao wanaambiwa waache lubega wavae suruali ndo maendeleo. Alafu ikaja zamu ya baba ako. Ile picha yake ya kwenye albamu unaijua, suruali ya pekosi inafagia barabara, viatu vya raizoni vya soli ndefu, afro imeziba nusu ya ukuta. Babu yako alimwita mhuni mbele ya wageni na akamwambia hatakuja kuoa. Leo huyohuyo baba ako akimuona kijana amevaa suruali ya kuchanika magotini anabadilisha channel. Nikimkumbusha anasema ile yetu ilikua fasheni hii ya sasa ni uchafu. Haya.

Shangazi yako yeye atakuletea Biblia, jiandae. Walawi 19:28, "Msichanje chale", na kuandika alama mwilini imo palepale. Ni kweli ipo, sikudanganyi, na wenzetu waislamu nao wana hadithi inayolaani wanaochora na wanaochorwa. Ila mstari wa juu yake, wa 27, unakataza kunyoa denge na kuharibu pembe za ndevu, na mjomba ako ambae ni mzee wa kanisa kila jumamosi yuko kwa kinyozi anachonga ndevu mtindo wa timberland mpaka zinakata. Hakuna aliewahi kumsomea. Na bibi alibatizwa na chale zake zote, padri alimmwagia maji juu yake hakusema kitu. Sisemi neno la Mungu ulichezee, hilo utajibu mwenyewe na dhamiri yako, nasema tu mimi sitalitumia kua fimbo ya kukuchapia.

Ila kuna mambo ya dunia hii ambayo lazima uyapigie hesabu. Wewe uko kwenye ajira ya ofisini, mteja anakupa hela zake, na watu wengi hapa kwetu wakiona tatoo kwa mwanamke wanakua wameshamaliza kukusoma kabla hujafungua mdomo. Mchezaji mpira akiwa na mikono yote imechorwa ni staa, wewe ukiwa na ua dogo tu begani ni malaya. Kama vile kikuku, nani aliwaambia mkufu wa mguuni una maana ile wanayoisema? Lakini wanaisema, na binti wa watu anavua akifika ukweni. Ni uonevu, nakubali, ila uonevu huo ndo utakaokukuta kwenye intavyuu na siyo mimi mama ako. Na mdogo wako anaetaka kwenda polisi umwambie mapema asikuige, yale matangazo yao ya ajira yana kipengele cha kutokua na michoro mwilini, kijana ana vyeti vizuri na mbio anakimbia anarudishwa nyumbani kwa herufi mbili za mpenzi waliyeachana form four.

Umeona mpaka hapa sijakwambia usichore. Sasa nakuja kwenye kinachonikosesha usingizi, na wala si kanisa wala majirani.

Unakumbuka sikio lako? Ulipokua darasa la sita ukaenda na wenzio kutoboa tundu la pili juu ya lile la kwanza, kwa sindano ya kushonea na uzi. Kikapona, tukafurahi, baada ya miezi kikaanza kinundu kwa nyuma, kinawasha, kinang'aa, mpaka kikawa kama kunde iliyolowekwa. Nikakupeleka hospitali na daktari akanieleza kitu ambacho sijakisahau, kwamba hiyo ni keloidi, kovu ambalo halijui kusimama, mwili unaendelea kujenga hata kidonda kikishafunga, na ngozi nyeusi ndo inapenda zaidi na inatembea kwenye ukoo. Akasema tukikata tu bila kitu kingine linaweza kurudi kubwa kuliko mwanzo, ndo ukakatwa na ukawa unachomwa zile sindano za kulituliza, na ulivyokua unalia kila tukifika kwenye kona ya ile hospitali unakumbuka mwenyewe. Mjomba ako analo kifuani, lilianza na kipele tu. Mimi ninalo la chanjo begani, unalijua.

Sasa unganisha. Kwanini chale za bibi zilisimama vizuri kiasi kile mpaka wenzie wakamsifia? Ni ngozi hiihii. Kule walikua wanataka kovu liinuke, ndo uzuri wenyewe. Wewe unataka jina lilale chini lisomeke, na ngozi uliyorithi kwake haina mpango huo. Wanasema sindano ya tatoo haiendi ndani sana kwahiyo hatari ni ndogo kuliko kutoboa, sawa, lakini ndogo kwa nani? Kwa mtu ambae hajawahi kua na keloidi. Wewe una rekodi. Jina la bibi likivimba herufi kwa herufi utakua umembeba mkononi kama uvimbe unaowasha kila siku ya joto, na Dar ni lini haina joto?

Na ukitaka kulifuta ndo usiulize. Ule wino unakaa kwenye ngozi ya pili chini, kuna chembe za mwili zinaumeza na kuushikilia hapohapo, ndo mana hautoki kwa kuoga. Kuutoa ni laser, inauvunja vipande vidogo mwili uubebe pole pole, unaenda na kurudi mara nyingi, na hela yake ni mara nyingi ya ile uliyochorea.

Kwahiyo fanya hivi. Kabla hujamlipa mtu hata shilingi nenda kwa daktari wa ngozi umuonyeshe lile sikio, umwambie unataka kufanya nini. Akisema hapana basi ni hapana, mimi sitaki kusikia rafiki yangu alichora na hakupata kitu, rafiki ako hana bibi yako. Akisema jaribu, basi iwe sehemu ambayo mkono wa blauzi unafunika, na iwe dukani kwa mtu mwenye jina, sindano afungue pakti mbele ya macho yako, wino amimine kwenye kikombe kipya, glavu avae mpya, akianza kukwambia tunachemsha sindano hamna shida inuka uondoke. Homa ya ini inapita hapohapo kwenye sindano na virusi vya ukimwi pia, kama hujachanjwa hepataitisi B kachanje kwanza. Na najua unapenda kuchangia damu, watakuuliza na watakusubirisha miezi, usiwadanganye.

Vya kumkumbuka bibi vipo vingine. Ile ndona yake ya mpingo ninayo mimi, iko kwenye kopo la Blue Band pamoja na vyeti vyenu vya kuzaliwa. Nilikua naihifadhi mpaka uolewe lakini ukiitaka sasa sema, fundi wa mikufu anaweza akaitengeneza vizuri tu ukavaa shingoni hata ofisini na hakuna atakaejua ni nini. Sikulazimishi, na wala usidhani nakuhonga.

Alafu mdogo wako ameniambia, usimgombeze, kwamba umetoboa pua umeweka kipini toka mwezi wa pili na ndo mana kwenye video call unakaa kwenye giza. Kipini chenyewe sina neno, bibi zako wa pwani wote walikua navyo. Ila pua ni gegedu, ule mfupa laini, kama lile sikio. Washa taa, nitumie picha ya karibu, pande zote mbili, bila filta, na kidole chako kiwe kimeshika pembeni nione kama kuna kinundu. Nitumie leo, baba ako hajui na sijamwambia.