Kwa Nini Elektroni Hupashwa Moto?

Swali: Nimesoma kwamba leza ya eksirei ya LCLS, California, hupasha moto elektroni zake kwa makusudi. Je, joto haliharibu miale?

Jibu: Katika leza hiyo, elektroni zinazokaribia kasi ya mwanga huyumbishwa na safu ya sumaku, na nuru zinayotoa huzisukuma zijipange katika tabaka nyembamba. Kujipanga huku kunakozidi kukua ni aina ya msukosuko, lakini tunauhitaji, nao ndio uliozaa eksirei za nanomita 0.15 mwaka 2009. Adui ni msukosuko mwingine, unaoanza mapema fungu la elektroni linapobanwa, ambapo viwimbi hafifu vya msongamano hukua na kuvuruga nishati. Leza nyingine, ya kupashia, kwangu ufundi wa kupendeza mno, hufanya nishati za elektroni zitofautiane kidogo tu (ndilo “joto” lenyewe), viwimbi vikafutika kabla havijakomaa. Ikizidishwa, kweli, eksirei hudhoofika.