Mume anataka Range, mimi nataka Prado, sasa hatuongei

Shangazi shikamoo. Mimi na mume wangu tuna miaka 14 kwenye ndoa, watoto watatu, tunaishi Goba. Mwaka huu tumeuza kiwanja chetu cha Kigamboni tulichonunua kwa kuchangiana, tukakubaliana hela iende kwenye gari maana Harrier yetu imechoka. Mimi nataka Prado TX ya 2014, 2.7 ya petroli. Yeye kang'ang'ania Range Rover Sport ya 2014, ile 3.0 supercharged, anasema Prado ni gari la mradi, kila NGO inayo. Hela ya kiwanja inatosha Prado na chenji inabaki, Range inaimaliza yote na bado anataka akope milioni 20 kazini. Mwezi wa 12 tunaenda kwao Rombo na mdogo wake atakuja na Discovery. Nilimwambia mbele ya huyo mdogo wake kwamba Range ni ushamba, tangu siku hiyo anakula analala, haongei. Na shangazi nikuambie ukweli, naogopa pia Range italeta wadada. Nifanyeje? – Mama Watatu, Goba

Marahaba mwanangu. Naanza na gari maana hilo ndo rahisi, ya ndani ya nyumba nayafikia sasa hivi.

Kwanza tumtendee haki mzee. Range ile ni tamu bana, tusidanganyane. Injini yake ina nguvu za farasi 340, Prado yako ya 2.7 ina 160 na kidogo na inavuta mwili wa tani mbili na zaidi, yaani ukiwa nyuma ya semi tela pale kabla ya Segera unataka kuovateki unaanza kuomba dua kwanza, unakanyaga injini inalia mwendo hauji. Kona inalala upande, viti vya kitambaa, dashibodi plastiki. Mumeo akikaa kwenye ile Range anasikia ngozi, kimya, gari limetulia barabarani, hayo anayoyapenda yapo kweli na si majivuno peke yake. Kwa hiyo hilo neno ushamba ulikosea hata kwa upande wa gari.

Range inashindwa na Prado kwenye kitu kimoja tu, kuzeeka. Na nyie wawili hamnunui gari jipya, mnanunua gari lenye zaidi ya miaka 10, kwa hiyo hicho kitu kimoja ndo kila kitu.

Range Sport haina springi za chuma, imekalia baluni za hewa kila tairi na kompresa ya kuzijaza. Zikiwa mpya raha tupu, miaka ikienda mpira unapata nyufa, hewa inavuja usiku kucha, asubuhi unatoka unalikuta limelala tumbo chini kona moja na kwenye dashibodi taa zimewaka kama mti wa Krismasi. Kompresa nayo ikihangaika kujaza hewa inayovuja inaungua. Afu kuna lile la injini, na hili mwambie akamuulize fundi yeyote wa Land Rover (ndo wanaotengeneza Range) asiyemuuzia gari: zile 3.0 supercharged zina mabomba ya plastiki ya maji ya kupoza injini, mengine yamepita chini ya supercharger yenyewe (ile pampu inayosukumia injini hewa) huko huoni wala hufiki mkono, na plastiki ikipikwa na joto miaka yote hiyo inapasuka. Maji yakiisha na dereva asiposhtuka mapema ile injini ni alumini, hedi, yaani kichwa cha injini, inapinda, na hapo mnaongelea hela ya injini nyingine. Gari likiwa limebadilishiwa hayo mabomba na muuzaji ana risiti, sawa tunaweza kuongea. Wengi wanakwambia "halina shida, washa uondoke".

Prado yako ina springi za chuma, ina cheni ya taiming, ina injini ambayo fundi wa Same anaijua, wa Mombo anaijua, na spea unazipata Shauri Moyo pale Ilala mpya na used na unachagua bei. Fikiria tarehe 26 mwezi wa 12 mko Rombo, watu wote wako sikukuu, gari limelala chini mbele ya wakwe, mtu mwenye mashine ya kupima yuko Moshi mjini na simu kazima. Mdogo mtu na Discovery yake anaangalia tu (ambayo nayo ni nyumba hiyohiyo ya Land Rover na baluni hizohizo, wala asicheke sana).

Na zile farasi 340 anazikimbiza wapi? Kutoka Chalinze mpaka Himo ni vibao vya 50 na tochi, atafika saa ileile na wewe wa Prado, tofauti ni mafuta.

Ushuru pia mkae muupigie hesabu pamoja kama mnaagiza wenyewe Japani. TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao, unaweka aina, mwaka na cc, yaani ukubwa wa injini, unaona. Ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 10 kwa kila gari linalozidi cc 2000 kwa hiyo hapo mko sawa wote, VAT 18, afu ushuru wa uchakavu: gari la kati ya miaka 8 na 10 linaongezewa 15, likivuka 10 linaongezewa 30. Hiyo 30 inawahusu nyie, kwa sababu 2014 imeshavuka, na inapigwa kwa thamani wanayoijua TRA. Hesabu hiyo ikiwachoma jaribuni kuangalia gari changa kidogo kabla hamjagombania jina la gari.

Na wewe usijione mshindi. Prado kwa vile kila mtu anaitaka ndo hiyohiyo inachezewa, kilomita zinarudishwa, iliyogongwa inanyooshwa inapigwa rangi inauzwa kama ya mchungaji. Dai karatasi ya mnada wa Japani, ukiona gredi imeandikwa R ujue ilishagongwa ikatengenezwa, na uipeleke kwa fundi wako, sio fundi wa muuzaji.

Sasa ya nyumbani. Umemwambia mwanaume gari analolitaka ni ushamba mbele ya mdogo wake mwenye Discovery, mwanangu hilo lingeninyima hata mimi usingizi. Saivi hata ukileta mhandisi kutoka Uingereza aje aseme Prado ni bora hatasikia, atasikia kwamba umeshinda. Kwa hiyo la kwanza kabla ya makaratasi yote ni kumwomba radhi, kavu, bila "lakini". Gari lisitajwe siku hiyo.

Hilo la wadada nimecheka kidogo. Mwenye nia anaenda hata na bodaboda. Kama kuna kitu umekiona kwa mumeo niandikie barua nyingine nikujibu vizuri, kama hujaona kitu usimpe kesi ya wadada kwa ajili ya gari ambalo hata halijapanda meli.

Ambacho hukuniuliza na mimi ningekiuliza ni kadi ya gari itaandikwa jina la nani. Kiwanja mlichangia. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 60 inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa kwa jina la mmoja inachukuliwa ni ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa majina ya wote inachukuliwa ni sawa kwa sawa. Iwe Range iwe Prado, hilo liongeeni mapema na kwa upole, na risiti za mchango wako wa kiwanja usizitupe.

Mkopo wa kazini hapana. Hapo gomea kabisa, maana hela ya kiwanja ikiisha kwenye kununua na mshahara ukakatwa kwa mkopo, hiyo baluni ya kwanza ikipasuka mnaitengeneza na nini, ada ya watoto?

Ukishaomba radhi mkatulia, mpe njia ya kutoka bila aibu. Kuna Prado TZ-G ya 4.0 V6, Japani waliiuza mpaka 2015, farasi 270 na ushee, ngozi ndani, hiyo hakuna NGO wanaendesha shambani. Inakunywa kweli, na nyuma nayo ina baluni za hewa kwa hiyo mzikague, ila mbele ni springi na injini fundi wanaijua. Ile chenji yako itapungua, ikubali ipungue. Na akisema basi iwe nyeusi, mkubalie, itaonesha vumbi lote la Rombo lakini ataosha mwenyewe.