Hadithi ni ileile, ila sasa hivi naitwa kula pilau

Wiki mbili zilizopita baba mkubwa kanipigia simu mwenyewe, sio kubip, kapiga kabisa, anasema mwanangu Ijumaa usikose nyumbani, mama yako mkubwa anapika pilau. Nikabaki nimeshika simu tu. Huyu ndo aliniambia mbele ya wanawe kwamba mwanaume mzima kukaa unaandika ngano ni uvivu uliovaa miwani. Kilichobadilika nini? Hadithi yangu moja imetoka, imelipiwa, watu wakairusha kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka ikamfikia. Na hadithi yenyewe niliiandika kipindi kilekile anachonisema, sijaongeza hata nukta.

Sasa usiku huohuo nikacheki Martin Eden, ile filamu ya Mwitaliano Pietro Marcello ya 2019, ya baharia masikini anayetaka kuwa mwandishi, na jamani nilikaa macho mpaka alfajiri. Riwaya ilikotoka, ya Mmarekani Jack London, nilishaisoma zamani, ya 1909, yeye kaiweka Oakland kule California na mwenyewe alishakuwa baharia kweli, ila Marcello kaihamishia Napoli na miaka kaivuruga makusudi, mara nguo za zamani mara za juzijuzi, katikati anachomeka picha za kumbukumbu za watu wa bandarini. Luca Marinelli anayecheza Martin alichukua tuzo ya mwigizaji bora wa kiume Venice, na ukimwona anavyotembea kwenye sebule ya matajiri, mabega yamekaza kama anaogopa kuvunja kikombe, unaelewa kwa nini.

Mimi pale nilijiona. Nimefanya kazi ya boti ya mizigo miaka minne, saruji na viroba vya unga, na usiku wenzangu wakilala mimi niko na kaunta buku na tochi ya simu. Kurasa za mwanzo bado zina madoa, wino umetanda sababu ya maji ya chumvi, mpaka leo kuna sentensi moja siwezi kuisoma na nahisi ndo ilikuwa nzuri kuliko zote. Martin kwenye riwaya anaweka rehani koti, baiskeli, suti, ili anunue stempu za kutuma miswada. Mimi niliuza simu nzuri nikabaki na kitochi ili nilipie steshenari wanichapie, wanahesabu kwa ukurasa na yule dada alikuwa anaacha nafasi kubwa makusudi kurasa ziongezeke.

Kuna binti pia, ndiyo. Martin anampenda Elena (kwenye kitabu ni Ruth), msomi, kwao wana hela, na binti anamwambia tafuta kwanza kazi ya maana. Wa kwangu aliniambia hivyohivyo, kwa upole kabisa, na ule upole ndo ulioniuma. Tuishie hapo.

Wengi mnaniuliza inboksi, kaka umetokaje. Andika kila siku. Nimechoka kulisema ila ndo hilo, andika kila siku, hata ukurasa mmoja, hata umechoka. La pili dai hela yako. Martin kuna jarida lilikuwa halitaki kumlipa dola 5 zake, akapanda mpaka ofisini akawabana mpaka mifuko ikatema, akaenda kwa wengine waliomla hela nao wakamtupa ngazini. Mimi kuna gazeti lilitoa hadithi zangu tatu sijaona shilingi, nikiuliza naambiwa "tunakukuza jina". Jina haliliwi ndugu zangu. Mwandishi anayeona aibu kudai ndo anayewalea hawa watu, ndo nyie mnaofurahi kuona jina gazetini halafu mnakopa nauli ya kurudi nyumbani, acheni hiyo tabia.

La tatu sijui kama ni ushauri. Martin akishatajirika kila mtu anamwita chakula cha jioni, mpaka shemeji yake aliyekuwa anamsimanga, na yeye anajiuliza swali moja tu linalomla: kazi zote nilishazifanya wakati ule nina njaa, mbona hamkuniita? Filamu hapo inaruka ghafla, mara masikini mara maarufu, nywele kazipaka rangi, meno yameoza, anafokea watu, na kiukweli kipande hicho sikukipenda, kitabu kinakupeleka taratibu zaidi. Ila swali ni lile. Mwisho wake siusemi, kaoneni. Nyie mnaoandika ili fulani akome, nawaambia mimi niliandika miaka yote hiyo ili baba mkubwa akome, na siku alipokoma sikusikia chochote. Andika kwa ajili ya kitu kingine. Andika kila siku, ila kwa ajili ya kitu kingine.

Ijumaa nilienda. Pilau ilikuwa na nyama nyingi, sahani mbili, kachumbari, ndizi pembeni, baba mkubwa ananitambulisha kwa majirani "huyu ndo mwandishi wetu". Jirani mmoja akauliza inahusu nini hiyo hadithi. Baba mkubwa akasafisha koo, akanitazama, akasema mwambie mwenyewe, wewe ndo unajua kuelezea. Nikaongeza kachumbari.