Shangazi, mume wangu baharia ameitwa tena baharini: je, nimfiche pasipoti?

Mwalimu mpendwa wa Kisumu,

Umeniandikia kwamba mume wako, aliyejifunza kuendesha mashua ya tanga akiwa kijana hapo Dunga, sasa huajiriwa kuvusha mashua za watu kutoka bara moja hadi jingine, na kwamba amerudi majuzi baada ya miezi minne. Usiku huamka kila baada ya saa tatu hivi, akatoka nje kutazama mawingu. Mchana humkaripia mtoto akiacha mfereji ukitiririka. Kisha ukaona kwenye simu yake ujumbe wa kumwita Cape Town, akasaidie kupeleka katamarani mpya, yaani mashua ya matumbo mawili yaliyounganishwa, hadi visiwa vya Karibi. Mama mkwe amekushauri uifiche pasipoti mpaka safari ipite, nawe wataka kujua kama ufanye hivyo.

Usifanye hivyo, binti yangu. Katika kazi hiyo nahodha humchukua mtu aliyesifiwa na nahodha mwenzake, na asiyetokea siku ya safari ni vigumu kuitwa tena. Isitoshe, siku atakayogundua, na atagundua, atakaa nyumbani akikuona kama askari jela, na mazungumzo unayoyatamani yatakuwa magumu kuliko yalivyo leo.

Kuhusu usiku wake, naomba usidhani kwamba amechoka nawe. Mashua inayovuka bahari haisimami usiku. Mabaharia wachache waliomo hupokezana zamu, mara nyingi za saa tatu au nne, na anayelala hulala akijua kwamba ataamshwa gizani ashike usukani au apunguze tanga kabla dhoruba haijafika. Mwili uliozoea hivyo kwa miezi hauzoei kitanda kwa siku mbili. Maji nayo baharini hutoka kwenye tangi dogo, au kwenye mashine ya kuondoa chumvi inayokula umeme wa betri, kwa hiyo mfereji unaotiririka bure humshtua kama moto jikoni. Mwache alale mchana akitaka, wala msigombane usiku wa manane. Hata hivyo mtoto hana hatia, na ni haki yako kumwambia baba yake, kwa upole lakini waziwazi, kwamba amwombe radhi.

Alipokosea kweli ni kukaa na ujumbe ule bila kukuambia. Tafuteni jioni moja, mtoto akiwa amelala, umweleze kwamba umeuona na kwamba umeumia, kisha umwombe barua ya ajira. Huo ndio mzizi wa ushauri wangu: hofu yako kubwa, kama ninavyoisoma, inatokana na kuachwa gizani zaidi kuliko inavyotokana na mawimbi. Barua hiyo itaje malipo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, bima ya matibabu, na nani atakayelipa nauli ya ndege ya kumrudisha nyumbani kutoka Karibi, kwa maana wapo mabaharia waliofikisha mashua salama wakaachwa bandarini bila nauli. Kenya imeridhia Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, unaokataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Basi wakala akidai pesa kwanza, hilo pekee linatosha kuikataa safari. Lakini mkataba huo hauzihusu mashua za starehe zisizofanya biashara, ndiyo maana nasisitiza maandishi.

Safari yenyewe inahesabika. Kutoka Cape Town hadi Karibi ni zaidi ya maili 5,000 za baharini, na mashua ya aina hiyo ikienda maili 150 kwa siku itahitaji siku 35 hivi za kusafiri, na zaidi ukiongeza mapumziko, ambayo mara nyingi hufanywa kisiwani St Helena, na utulivu wa upepo karibu na ikweta. Kubalianeni ni siku zipi atatuma ujumbe kwa setilaiti, na ni saa ngapi za ukimya zipite kabla hujampigia mtu wa nchi kavu anayesimamia safari. Muulize pia ni namba ya nani iliyoandikishwa kwenye kile kifaa cha kutoa ishara ya dharura kwa setilaiti, maana waokoaji huanza kwa kuipigia namba hiyo. Kifaa hicho si pambo. Mnamo Novemba 2022, mashua ya Tapio Lehtinen wa Finland ilipozama ghafla katika Bahari ya Hindi, ishara yake ndiyo iliyomwelekeza Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, aliyekuwa naye katika mashindano ya kuzunguka dunia, akamwokoa siku iliyofuata.

Muulize pia kazi hii inampeleka wapi. Cheti cha unahodha wa mashua kitolewacho Uingereza hudai angalau maili 2,500 na siku 50 baharini kabla ya mtihani. Huenda safari hii ndiyo inayomkamilishia hesabu, na mwenye cheti ana nafasi kubwa zaidi ya kuchagua safari fupi. Huenda pia ameshazipita maili hizo na anaendelea tu kwa mazoea. Jibu lake litakuonyesha mengi.

Ile fikira yako ya kumnunulia boti ya omena iweke kando kwanza. Ziwa letu nalo lina dhoruba zake, wavuvi wengi hutoka usiku bila jaketi okozi, na mtu aliyelazimishwa kuvua hawi mume aliyetulia.

Asipokubali kukuonyesha barua, au ikiwa haipo, mwambie bila kuficha kwamba safari hii huikubali, na umwite mzee mnayemheshimu nyote wawili akae nanyi. Akikuonyesha, na ukaridhika, basi mama mkwe aelezwe na mwanawe mwenyewe, wewe ukiwapo, ili mtu asije kusema baadaye kwamba ni wewe uliyemruhusu aende.

Wako,
Shangazi