Flashi yangu ya Tails

Miaka kadhaa iliyopita niliingia steshenari moja hapa Dar kuchapisha barua ya kuomba kazi. Kesho yake asubuhi kijana wa pale akanipigia: "Dada, imeili yako bado iko wazi huku." Namba yangu kaitoa humo humo, kwenye wasifu wangu. Yeye alikuwa muungwana. Waliokalia kile kiti kabla hajagundua, sijui.

Tangu hapo natembea na Tails kwenye mkoba. Ni mfumo endeshi wa bure, unaoshika nafasi ya Windows, umejengwa juu ya Debian (mfumo mwingine wa bure), na unakaa kwenye flashi ya kuanzia GB 8. Unazima kompyuta, unachomeka flashi, unawasha huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia (mara nyingi F12, Esc au F9), basi. Windows iliyomo haiguswi. Ukizima, ulichofanya kinafutika. Cha kubaki nacho unakihifadhi kwenye sehemu ya flashi yenye kufuli la nywila.

Tahadhari tu: ukiiweka Tails, kila kilichokuwemo kwenye flashi kinakwenda. Picha za send-off ya mdogo wangu zilipotea hivyo, na mpaka leo nasimangwa.

Ndani ya Tails intaneti yote inapitia Tor, mtandao wa kuficha nani anatembelea nini. Unachotuma kinavikwa matabaka kama kitunguu, kisha kinapita kompyuta tatu za watu wanaojitolea sehemu mbalimbali za dunia. Ya kwanza inakujua wewe, haijui uendako. Ya mwisho inajua uendako, haikujui. Kwa hiyo mwendo ni wa kobe. Video sahau, na tovuti nyingine zitakukatalia kabisa kwa kukuona umetokea nchi usiyowahi kukanyaga.

Wengi huharibu hapa: mtu anafungua Tor, halafu anaingia Facebook kwa jina lake kamili. Umejifunika gubigubi, unafika mlangoni unajitambulisha! Tena mtoa huduma wako wa intaneti haoni unachosoma, ila anaweza kuona kwamba unatumia Tor. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard alituma vitisho vya mabomu kwa Tor ili akwepe mtihani. Wapelelezi wakaangalia nani alikuwa kwenye Tor kupitia mtandao wa chuo saa zile, wakamfuata, akakiri. Yule alistahili, lakini njia waliyomnasia inamhusu hata asiye na kosa.

Steshenari ile bado naenda, na kijana ananiruhusu kuzima na kuwasha. Ananiita Dada Flashi. Hata hivyo kabla sijakaa huwa nachungulia nyuma ya kompyuta. Waya wa kibodi ukiwa umepitia kidude kabla ya kuingia kwenye mashine, naondoka. Vipo vidude vinavyonakili kila herufi unayobonyeza, na kwa hivyo Tails haifui dafu.